Na Wengineo

Kwenye kava la filamu yangu ya kwanza, sura yangu imekula nusu nzima ya karatasi. Nimeinamisha kichwa, kilemba kimelegea, machozi yanashuka mpaka kidevuni (yalikuwa ya kitunguu, lakini yalishuka vizuri). Nyuma yangu amesimama mwanamume ameshika mkanda wa suruali. Chini yetu, kwa herufi za dhahabu, yameandikwa majina ya wanaume wawili, kisha la mama mmoja mashuhuri aliyetokea kwenye sini tatu tu, kisha maneno mawili kwa herufi nyembamba: na wengineo.

Na wengineo ni mimi.

Ilikuwa 2006, Sinza. Nililipwa shilingi elfu hamsini, taslimu, mkononi, pasipo kutia saini popote. Kwa hela hiyohiyo nilipikia kundi zima wali maharage siku nne, na nikashona gauni la bibi harusi, maana mtayarishaji alikuwa ameshagundua kwamba nina cherehani. Filamu ikatoka, ikauzwa Kariakoo, ikapanda mabasi kwenda Mombasa na Bujumbura. Watu wakanijua. Ndani ya daladala abiria wanageuka: "Wewe si yule Mke Mdogo?" Mama mmoja wa Tandale aligoma kuniuzia nyanya. Aliniambia mwenzangu nimeshamtesa vya kutosha, nikanunue kwingine. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeiona ile filamu akaniita kwa jina langu.

Sitafuti huruma. Siku hizi nina cherehani tatu na mafundi wawili, nashonea vikundi vya maigizo na kwaya, na usingizi napata. Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya simu ya mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka ishirini na mmoja ambaye naye ameingiwa na ugonjwa wetu wa kuigiza.

"Shangazi, hebu mwone huyu."

Nikaipokea simu, nikabonyeza kitufe cha sauti. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Simu nzima, Shangazi. Hiyo sinema yenyewe ni bubu."

Ilikuwa sinema ya 1909, dakika chache tu, inaitwa Lady Helen's Escapade. Mwanamke tajiri amechoshwa na raha, anajifanya mtumishi wa jikoni katika nyumba ya wapangaji, anampenda mpiga fidla anayeishi humo. Kamera imesimikwa mbele kama nguzo ya umeme, haisogei. Mwigizaji unamwona mwili mzima, kuanzia nywele mpaka viatu, na hilo peke yake lilinifanya nikae vizuri kwenye kigoda. Sisi tulizoea kusogezewa kamera mpaka puani ndipo tulie. Huyu dada hana mahali pa kujificha. Hana sauti, hana muziki wa kumsaidia, uso wake pale kwenye simu ni mdogo kama punje ya mahindi. Na bado nilijua ni lini amechoka, ni lini ana dharau, na ni lini moyo wake umelainika. Mabega yake yalikuwa yanasema.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

Binti akairudisha mwanzo. Jina la sinema lipo, alama ya kampuni ipo. Jina la mwigizaji hakuna. Akaipeleka mwisho. Hakuna.

Tulilipata kwingine: Florence Lawrence. Tangu siku hiyo nimemsoma dada huyu kuliko nilivyowahi kumsoma mtu yeyote, na nina neno la kuwaambia mabinti wetu wa filamu na wale wanaowaita kazini.

Alizaliwa Hamilton, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1886, jina lake la kuzaliwa Florence Annie Bridgwood. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Mama yake, Charlotte, aliongoza kikundi cha maigizo cha kuzunguka mji hadi mji, na Lawrence ndilo jina alilotumia jukwaani. Mtoto akalirithi. Kwa hiyo hata jina ambalo dunia ilikuja kulipigania lilikuwa nguo ya kazi, si ya nyumbani. Akiwa bado mdogo sana alikuwa anapandishwa jukwaani kupiga mluzi watu washangae.

Kwenye sinema aliingia kwa njia ya farasi. Mwishoni mwa 1906 kampuni ya Edison ilikuwa inatengeneza sinema ya Daniel Boone, ikatafuta msichana anayeweza kupanda farasi, naye aliweza. Akalipwa dola 5 kwa siku, kazi ya nje, kwenye baridi kali. Baadaye akaenda kampuni ya Vitagraph, dola 20 kwa wiki, kuigiza pamoja na kushona nguo za maigizo.

Hapo nilicheka peke yangu mpaka fundi mmoja akasimamisha cherehani kunitazama. Karibu miaka mia moja kabla ya Sinza, na tayari walikuwa wameshagundua kwamba dada ana cherehani!

Mwaka 1908 mwongozaji D. W. Griffith akamchukua kwenda kampuni ya Biograph kwa dola 25 kwa wiki, kuigiza tu, hakuna kushona. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba namba 11, East 14th Street, New York. Walitoa sinema fupifupi kwa kasi ambayo hata Bongo ya enzi zetu isingeiweza, na yeye alikuwa ndani ya kadhaa wa kadhaa: leo mke mkorofi wa vichekesho, kesho msichana wa porini, keshokutwa mwanamke aliyepotoka na kutubu katika Resurrection, iliyotokana na riwaya ya Tolstoy. Watu waliingia kwa senti tano, wakaanza kumtambua. Wakaandika barua: yule dada jina lake nani? Kampuni ikanyamaza. Basi watazamaji, kwa kukosa la kumwita, wakamwita Msichana wa Biograph.

Nadhani mnaelewa kwa nini lilinigusa. Yeye aliitwa kwa jina la tajiri wake, mimi kwa jina la mke wa pili asiyekuwepo duniani.

Wala sisi watazamaji wa huku hatuna tofauti. Nilipokuwa mtoto, kwenye banda la video mtaani kwetu hakuna aliyejua mwigizaji anaitwa nani. Kulikuwa na stelingi na kulikuwa na maadui, basi. Ukitaka kujua kama filamu inafaa, unauliza stelingi ni nani, unajibiwa "yule wa ile ya juzi aliyeruka treni," na unaelewa, unatoa hela yako. Kwa hiyo simlaumu mtazamaji. Mtazamaji anamwita mtu kwa alichopewa. Namlaumu aliyekuwa analijua jina akalificha.

Kwa nini Biograph walilificha? Sababu inayotajwa sana ni ileile ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angekupa bila kufikiri: bidhaa ikijua bei yake, itapanda. Mwigizaji akijua kwamba watu wanakuja kwa ajili yake, kesho ataomba nyongeza. Ni kweli pia kwamba baadhi ya waigizaji wa jukwaani waliona haya kuonekana kwenye sinema, kazi iliyodharauliwa wakati ule, wakaridhika kutotajwa. Lakini Florence hakuona haya. Yeye na mumewe, Harry Solter, ambaye naye alikuwa mwigizaji, waliandikia kampuni nyingine, Essanay, kuulizia kazi. Essanay wakaipeleka habari kwa Biograph. Wote wawili wakafukuzwa. Na lile jina la Msichana wa Biograph halikuondoka naye, maana halikuwa lake. Mary Pickford, aliyekuwa ameingia kampuni hiyo mwaka huohuo wa 1909, akavishwa yeye, kama sare ya mlinzi anayeachia lindo. Kampuni iliendelea na usiri wake mpaka 1913. Uingereza, ambako wauzaji walitaka majina kwa nguvu, waigizaji wa Biograph walitungiwa ya uongo. Blanche Sweet huko alijulikana kama Daphne Wayne.

Sasa anakuja Carl Laemmle. Mjerumani mfupi, mchangamfu, aliyeanza na majumba ya sinema Chicago, akawa anagombana na umoja wa makampuni makubwa ulioongozwa na Edison. Kampuni yake aliiita IMP. Akamchukua Florence, na akafanya kile ambacho Biograph walikiogopa: akalitangaza jina. Lakini tazameni alivyolitangaza. Mapema 1910 ukaenea uvumi kwamba yule Msichana wa Biograph amegongwa na tramu, amekufa. Tarehe 12 Machi, IMP wakaweka tangazo kwenye gazeti la biashara ya sinema, Moving Picture World, wakisema huo ni uongo uliotungwa na maadui zao, Bibi Lawrence yu hai, na sinema yake mpya inakuja. Hadithi iliyozoeleka inasema Laemmle mwenyewe ndiye aliyeupika uvumi ule. Mwishoni mwa mwezi akapelekwa mji wa St. Louis pamoja na mwigizaji mwenzake, King Baggot, watu wamwone kwa macho yao. Umati ukafurika. Stelingi hafi! Sisi tulilisema hilo bandani kama mchezo, kumbe kuna mtu alishalifanyia biashara kabla babu zetu hawajaoa.

Wapo wanaobisha kwamba yeye ndiye nyota wa kwanza wa sinema. Ufaransa, kwa mfano, Max Linder alikuwa anajulikana kwa jina karibu wakati huohuo. Waachwe wabishane. Mimi ninachokitazama ni mkono ulioshika jina. Biograph walilificha kwa sababu lina bei. Laemmle alilitoa kwa sababu lina bei. Florence mwenyewe alikuwa katikati, anazikwa na kufufuliwa magazetini.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia mabinti. Siku hizi hakuna mtayarishaji wa kukuficha. Mambo yamegeuka, atakwambia: "Malipo ni madogo, lakini tunakupa jina." Nimelisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nalisikia hata kabla mtu hajafungua mdomo. Tunakupa jina! Jina alinipa baba yangu, na alichinja mbuzi. Wewe unachokitoa ni tangazo la bidhaa yako, ambalo kwa bahati lina sura yangu juu yake. Tajiri wa 1908 aliyenyima jina na wa leo anayelipa kwa jina wamesoma darasa moja. Wote wanajua jina ni fedha. Asiyejua ni sisi.

Kuna jambo moja ambalo sijaacha kulifikiria, nikiwa nashona, nikiwa jikoni. Ile Lady Helen niliyoiona kwenye simu ni ya mwaka 1909, na filamu za wakati ule ziliungua, zilioza, zilitupwa. Kazi nyingi za Biograph tunaweza kuziona leo kwa sababu ya sheria ya hakimiliki. Mpaka 1912 sheria ya Marekani haikuwa na kifungu cha sinema. Ilijua picha za kawaida. Kwa hiyo makampuni, ili kulinda mali yao, yalichapa sinema nzima juu ya karatasi, picha baada ya picha, hatua kwa hatua, yakapeleka marobota ya karatasi kwenye Maktaba ya Bunge kule Washington kusajili. Filamu zilipoharibika, karatasi zilibaki, na miaka ya 1950 zikapigwa picha upya, moja moja, zikawa sinema tena.

Fikirieni hilo. Kila hatua ya yule dada ilisajiliwa. Alipoinua mkono, mkono ukasajiliwa. Alipogeuza shingo, shingo ikasajiliwa. Maelfu ya sura zake, zote zina mwenyewe kisheria, na mwenyewe si yeye. Jina lake halikuandikwa hata mahali pamoja. Ninaposikia watu wanasema sheria za hakimiliki ni mambo ya wasomi, nayakumbuka yale marobota.

Naye mwenyewe hakuwa mtu wa kusajili. Florence alipenda magari kama sisi tunavyopenda vitenge. Karibu na 1914 alibuni kibao cha kuonyesha dereva anakata upande gani, unabonyeza kitufe kinanyanyuka nyuma ya gari, na kingine cha kuonyesha gari linasimama pindi dereva akikanyaga breki. Hakuchukua hataza. Mama yake, Charlotte, alikuwa mwangalifu zaidi: mwaka 1917 alipata hataza ya waipa za umeme za kioo cha mbele. Nayo haikumtajirisha. Kila daladala inayoniwashia indiketa pale Shekilango mimi sasa namuona yule dada.

Kati ya 1910 na 1914 alikuwa juu kweli. Aliondoka kwa Laemmle akaenda kampuni ya Lubin ya Philadelphia, akarudi 1912 akiwa na kampuni iitwayo Victor, yake na mumewe, studio ikiwa Fort Lee, New Jersey, mshahara wake dola 500 kwa wiki. Akanunua shamba Westwood, akapanda mawaridi. Kisha ukaja moto. Katika kupiga sinema ya Pawns of Destiny alikuwa anaigiza kumwokoa mwenzake kwenye nyumba inayowaka. Moto wa kuigiza ukawa wa kweli, akaungua, akaanguka, akaumia mgongo. Universal, kampuni kubwa ya Laemmle iliyokuwa inasambaza kazi zake, haikumlipia matibabu, na hilo hakulisamehe. Alijaribu kurudi 1916, mwili ukakataa. Alipojaribu tena miaka ya 1920, sinema zilikuwa zimeshapata vipenzi vipya.

Hapa nina langu. Niliwahi kuigiza na binti mmoja, hodari kuliko sisi sote, aliyeambiwa apande pikipiki nyuma ya stelingi bila kofia, kwa sababu kofia ingeficha nywele. Walianguka kwenye kokoto. Goti lake halikurudi sawasawa. Sisi waigizaji tulipitisha daftari la mchango; mtayarishaji aliandika elfu kumi, akaitoa nusu. Wakati wa kuuza filamu, sini ya pikipiki ndiyo iliyowekwa kwenye matangazo.

Miaka ya 1930 Florence alikuwa ameolewa mara tatu, akafiwa na mume mmoja na kutalikiwa mara mbili. Duka la vipodozi alilofungua na mumewe wa pili lilikuwa limekufa, na akiba yake ilikuwa imekwenda na anguko la uchumi la 1929. Mwaka 1936 studio ya MGM ilianza kuwapa waigizaji wa zamani vijisehemu kwa dola 75 kwa wiki: simama pale kwenye umati, pita mlangoni, toka. Florence akawa mmoja wao. Kwa Kiswahili cha makava yetu, alirudi kuwa na wengineo. Akapata ugonjwa wa uboho wa mifupa, wenye maumivu yasiyokwisha, na tarehe 28 Desemba 1938 alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 52. Mfuko wa misaada wa watu wa sinema ulimzika, na kaburi halikuwa na alama yoyote kwa zaidi ya miaka hamsini.

Jiwe liliwekwa 1991. Aliyelilipia alikuwa mwigizaji mwenzao, Roddy McDowall, ambaye hakutaka jina lake litajwe. Kama kuna mtu wa filamu aliyewahi kukataa jina kwa sababu njema, ndiye huyo. Lakini mtazameni lile jiwe. Jina lake lipo, Florence Lawrence. Chini yake kuna maneno ya kumtambulisha: Msichana wa Biograph. Kampuni iliyomnyima jina, ikamfukuza kwa kuulizia kazi kwingine, ndiyo iliyoandikwa juu ya kifua chake. Mwaka wa kuzaliwa wameweka 1890, yaani wamempunguzia miaka minne, kama bango la jukwaani.

Huku kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na kuna mkataba wa kimataifa uliopitishwa Beijing 2012, ukaanza kutumika 2020, unaompa mwigizaji wa filamu haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeigiza. Mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba sheria haiingii lokesheni yenyewe kwa miguu. Lazima mtu aibebe kwenye karatasi, na karatasi ile lazima isomwe kabla kamera haijawashwa, si wakati filamu imeshafika Bujumbura.

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu aliitiwa kazi yake ya kwanza kubwa, tamthilia, vipindi kumi na vitatu. Safari hii kuna mkataba, ukurasa mmoja, na nawapongeza kwa huo ukurasa, sisi hatukuupata. Tuliusoma juu ya meza ya kukatia vitambaa, tumeukandamiza na mkasi usipeperuke. Jina lake kwenye kipindi: hakuna. Akiumia kazini: hakuna. Wakiuza tena kwa kituo kingine: hakuna. Kuhusu kuja na nguo zake mwenyewe palikuwa na mistari sita.

Tukaongeza mitatu kwa kalamu, mwandiko wangu, kila mmoja mfupi. Chini akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, akaupiga picha akawatumia. Simu imewekwa pembeni ya cherehani tangu Jumanne. Wamesoma, maana alama zile mbili za buluu zimetokea. Bado hawajajibu.